Kombora jipya juu ya manowari kuukuu

Umeuliza kwa nini Ajentina ilifunga makombora ya Exocet, ya Kifaransa ya kupigia meli, kwenye manowari za enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Sababu kubwa ni kwamba kombora la aina hiyo hujitegemea: meli huliambia tu mahali adui alipo na mwelekeo wake, kisha MM38 (aina ya Exocet inayorushwa kutoka melini), yenye uzito wa kilo 735 hivi na uwezo wa kufika takriban kilomita 40, huruka chini karibu na mawimbi na kuwasha rada yake yenyewe inapoikaribia shabaha. Umri wa meli iliyolirusha haulipunguzii makali.

Mfano wa wazi ni manowari ya Ajentina Seguí, iliyoshushwa majini Marekani mwaka 1944. Mwaka 1982, Ajentina ilipopigana na Uingereza kuhusu Visiwa vya Falkland, makombora yake yalifunguliwa, yakapelekwa kwa ndege hadi visiwani humo na kuwekwa juu ya trela, na alfajiri ya tarehe 12 Juni moja likaipiga HMS Glamorgan ya Uingereza. Mabaharia 14 walipoteza maisha, ingawa meli, iliyokuwa imegeuzwa kwa haraka ili kuligeuzia kombora kisogo, haikuzama.

Udhaifu wa manowari kuukuu, kwa maoni yangu, uko katika kujilinda. Piedra Buena na Bouchard, manowari nyingine kuukuu za Ajentina, zilikuwa na Exocet zilipoisindikiza meli ya kivita ya Ajentina General Belgrano tarehe 2 Mei mwaka huohuo, lakini makombora hayo hayakuwa na msaada wowote dhidi ya nyambizi ya Uingereza HMS Conqueror, iliyokuwa chini ya maji, ambayo iliizamisha Belgrano kwa torpedo (silaha inayopita majini hadi kwenye shabaha).