Hezi 50, lakini mota inazunguka mara 1440?

SWALI: Kibati cha mota yangu kinasema 50 Hz na mizunguko 1440 kwa dakika. Nikizidisha 50 kwa 60 napata 3000. Kosa liko wapi?

JIBU: Kuzidisha umezidisha sawasawa, ila hezi 50 (mara 50 kwa sekunde) ni za umeme, si za shafti, yaani mhimili unaozunguka. Uga wa sumaku ndani ya mota huzunguka kwa kasi ya 120 mara hezi, ukigawanya kwa idadi ya ncha za sumaku. Yako ina ncha 4: 120 × 50 ÷ 4 = 1500. Rota, yaani sehemu ya ndani inayozungusha shafti, lazima ibaki nyuma kidogo, kwani ikiufikia uga huo hautazaliwa tena umeme ndani yake, na msukumo utakwisha. Hapa imebaki nyuma kwa mizunguko 60, yaani asilimia 4. Hiyo ni kwa mzigo kamili. Ukipima bila mzigo utasoma karibu na 1500, na kibati hakijakosea.

Shafti yenyewe ina 1440 ÷ 60 = hezi 24. Kupata radiani kwa sekunde, kipimo cha kasi ya mzunguko kinachotumika kukokotoa wati, zidisha 24 kwa 6.283: ni 150.8. Wengi husahau kugawanya kwa 60 kwanza, na wati wanazokokotoa baadaye huzidi mara 60.