Orodha ya WhatsApp na pakiti ya peremende

SWALI: Shikamoo mama. Shemeji yangu alikuja likizo akawaletea watoto peremende laini za matunda kutoka Ujerumani. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa madrasa inazunguka orodha ya namba za E, zile za viongezeo vya chakula zinazoandikwa kwenye pakiti, eti zote ni nguruwe. Pakiti ina E330 na E120, na zote zimo kwenye orodha. Maziwa ya chokoleti wanayokunywa kila asubuhi yana E407, nayo imo. Vyote nimevifungia kabatini. Nivitupe?
– Mama wa wawili, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Maziwa yatoe leo hii uwape watoto. E407 ni karajini, kitu cha kufanya maziwa yawe mazito na chokoleti isizame chini, na hutoka kwenye mwani. Mwani kama ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, wakiingia majini bamvua linapotoka. Inaniuma kuona jasho lao limeandikwa nguruwe.

E330 ni asidi ya sitriki, ukali ule ule ulio ndani ya ndimu. Viwandani hupatikana kwa kulisha ukungu maalumu maji ya sukari. Haina mnyama.

E120 ndiyo ya kusimama nayo kidogo. Ni rangi nyekundu, karmini, inayotolewa kwa vidudu wadogo wanaoishi juu ya mipungate, wengi wao Peru. Si nguruwe, lakini ni mdudu, na hukumu ya kumla mdudu muulize ustadhi wa madrasa yenu, si mimi.

Sasa soma tena pakiti yako, safari hii maneno, si namba. Umeniandikia viambato vyote kwa mpangilio wake, nakushukuru: sukari, sharubati ya glukosi, jelatini, kisha hizo E. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Jelatini ni ya tatu. Ndiyo inayofanya peremende ivutike mdomoni, na hupikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini nyingi ya Ulaya ni ya ngozi ya nguruwe. Nayo kwenye lebo haina namba ya E, imeandikwa kwa jina lake, kwa hiyo orodha yenu imeiruka. Pakiti isiposema ni ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali au ya samaki, wala haina alama ya halali kutoka shirika unaloliamini, mimi nisingewapa wajukuu zangu.

Kuna namba moja hukuniuliza lakini utaikuta kwenye mkate, biskuti na aiskrimu: E471. Hiyo huchanganya mafuta na maji, na yaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama, namba ikawa ile ile. Namba inakwambia kitu ni nini, haikwambii kimetoka wapi. Nilifanya kazi miaka 11 kwenye maabara ya kiwanda cha biskuti, na kila gunia la E471 lilikuja na karatasi ya muuzaji inayotaja asili yake. Siku moja yalishushwa magunia 40 bila karatasi. Nilikataa kutia sahihi, mashine zikasimama mchana kutwa, na msimamizi alinifokea mbele ya vibarua. Karatasi ilipokuja ilisema mawese, na bado naona nilifanya sawa.

Karatasi kama hiyo viwanda vingi huwa nayo. Pakiti ikisema E471 hiyo imetokana na "mafuta ya mimea", inatosha. Isiposema, piga simu iliyo nyuma ya pakiti, uulize hivi: "E471 yenu ni ya mmea au ya mnyama?" Wakizungukazunguka bila kujibu, nunua nyingine.

Na hiyo orodha, mwanangu, usiitume mbele. Watumie wenzako picha ya pakiti, uwazungushie duara neno jelatini.