Mtoto haoni, babu anaona kwa shida: wacheze nini pamoja?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, haoni kabisa tangu azaliwe. Baba mkwe wangu ana miaka 71, presha ya macho imemwachia uoni hafifu. Je, upo mchezo wanaoweza kucheza wote wawili? Na vifaa gani vya nyumbani vitawafaa?

JIBU: Dada yangu, kabla hujanunua chochote, angalia babu amebakiwa na uoni kiasi gani, na kama kila mmoja anasoma nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Kinachomfaa mtoto huenda kisimsaidie babu hata kidogo.

Kwa wote wawili ningeanza na dhumna zenye nukta zilizoinuka, nyeupe juu ya kete nyeusi. Mtoto atahesabu kwa kidole, babu atasaidiwa na rangi. Tatizo kubwa ni kete kuteleza: mtoto akipapasa kutafuta mwisho wa mstari, anauvuruga. Tandika mpira usioteleza, na kila anayecheza ataje kete yake kwa sauti, "tatu-tano". Mtoto akikua, sataranji ipo: miraba myeusi imeinuliwa, kila mraba una tundu la kuchomekea kete, na kete nyeusi zina alama kichwani.

Mtoto peke yake, mtafutie matofali ya LEGO ya nukta nundu, yaliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2023. Vinundu vya kila tofali vimepangwa kama herufi, na herufi ya kawaida imechapwa pembeni, kwa hiyo hata wewe usiyejua nukta nundu mtajifunza pamoja. Hilo nalipenda sana.

Kwa babu, watu hukimbilia maandishi makubwa mno. Presha ya macho kwa kawaida hula uoni wa pembeni kwanza. Eneo la kuona likishakuwa finyu, herufi kubwa kupita kiasi hazienei humo, naye huishia kuona vipande. Mpe kwanza mwanga wa kutosha usiomwaka machoni, na rangi zinazopingana: chai kwenye kikombe cheupe, maziwa kwenye cheusi. Nukta nundu anaweza kujifunza hata sasa akitaka, ila msimlazimishe kwa sababu ya mchezo.

Saa inayosema itawafaa wote. Simu usinunue maalumu ya wasioona. TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone, programu zinazosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ni za kuwasha tu katika mipangilio. Kwenye jiko, bandika kitone cha mpira panapozimwa na kingine kwenye moto wa kati, basi. Ukivijaza kila mahali, kidole hakitajua kimeshika kipi.

Kipo pia kidude cha kuning'iniza ukingoni mwa kikombe, kinacholia kinywaji kikikaribia kujaa. Hufanya kazi kwa sababu maji hupitisha umeme kati ya ncha zake za chuma. Mafuta ya kupikia hayapitishi, kwa hiyo babu asikitegemee anapomimina mafuta.