ECG safi haimaanishi moyo safi: maswali yenu

Dokta, usiku moyo unanidunda vibaya hadi naona kizunguzungu, mchana nimepima ECG wakasema iko safi. Wamekosea? (Mbagala)

Hawajakosea. ECG ya kawaida, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, inarekodi kama sekunde 10 tu, sasa kama moyo ulikuwa umetulia muda huo wangeona nini? Hili swali mnaliuliza kila mara jamani. Mdundo mbaya unanaswa ukiwa unatokea, kwa hiyo ukianza tena nenda kituo cha karibu usiku huohuo wakupime, na kama unakuja na kupotea omba Holter, ile mashine unayotembea nayo saa 24 au zaidi. Na karatasi zako za ECG zitunze, mnazitupa halafu mnakuja Muhimbili mikono mitupu.

Nimeambiwa nina PVC, nitakufa?

PVC ni pigo la ziada linalowahi, linatoka vyumba vya chini vya moyo. Kama echo, yaani ultrasound ya moyo, inaonyesha moyo mzima, mara nyingi hapana. Fanya echo.

Mgonjwa wangu, mzee aliyewahi kupata shambulio la moyo, mapigo 180, QRS pana, ila anaongea vizuri na presha 120/80. Si ina maana siyo VT? (tabibu, Kigamboni)

Haina maana hiyo hata kidogo! Presha nzuri haiondoi VT, yaani mdundo wa kasi na hatari unaoanzia vyumba vya chini vya moyo, na hapa ndipo watu wanapotuulia wagonjwa. QRS, ule mchoro wa umeme wa vyumba vya chini vya moyo, ikifika viboksi vidogo vitatu vya karatasi ya ECG, yaani milisekunde 120, na mapigo yanakimbia, ichukulie ni VT mpaka ithibitike vingine, tena kwa mzee kama huyo. Usimpe verapamili, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, presha inaweza kuanguka ghafla. Piga ECG ya waya 12 haraka, mashine ya kushtua iwe pembeni, akilegea mshtue.

Nikutumie picha ya ECG WhatsApp unisomee?

Hapana. Aisome anayekuona wewe na dalili zako.

Binti yangu, 14, anazimia akikimbia shuleni, bibi yake anasema mapepo. ECG wameandika QT ndefu. Sasa anakohoa, nimpe azithromaisini? (Tabata)

Usimpe! Azithromaisini, erithromaisini, kwinini, haloperidoli, zote zinaweza kurefusha QT zaidi, yaani muda wa umeme wa vyumba vya chini vya moyo kuanza hadi kutulia katika kila pigo, na QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo ikipita milisekunde 500 anaweza kuingia torsades, aina hatari ya VT, QRS zinajisokota kwenye karatasi, mtoto anazimia na anaweza asiamke, na mnazinunua duka la dawa bila cheti kama pipi! Asimamishe mbio kabisa kwa sasa, akiharisha au kutapika awahishwe maana potasiamu ikishuka hatari inaongezeka, mpeleke kwa daktari wa moyo wiki hii, kuna dawa ya kumlinda. Na wewe, baba yake na wadogo zake wote mpimwe ECG, QT ndefu mara nyingi ni ya kurithi.