Hata bila hamira, unga wa Mombasa huchacha

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mkate usiotiwa chachu una maana gani, na chapati ni mmojawapo?", limenikuta mikono imejaa unga. Nauza mahamri hapa Kongowea.

Wengi watawajibu kwamba chapati haina hamira, basi yamekwisha. Mimi nakataa. Kwa joto letu hili unga haungoji hamira. Ukande kwa maji matupu usiku, ufunike, uuache jikoni. Asubuhi utaukuta na vitundu na harufu ya ukali. Wayahudi walilijua hilo zamani. Kwa matza, mkate wao wa Pasaka, unga uliokwisha kuguswa na maji ukiachwa dakika 18 bila kushughulikiwa huhesabiwa umechacha. Sisi unga wa chapati twaupumzisha nusu saa nzima ndipo tukate madonge! Kinachopimwa pale ni muda. Ukisoma Kutoka 12 utaona: Waisraeli walifukuzwa Misri unga wao haujaumuka, wakauoka hivyo hivyo.

Halafu kuna ile "chachu ya kale" ya Paulo kwa Wakorintho, ambayo vijana waliokulia hamira ya dukani hawaielewi. Zamani chachu ilikuwa donge la unga wa jana, lachanganywa na wa leo, na wa leo humegwa kipande cha kesho. Bibi yangu aliazima donge lake kwa jirani. Walipogombana, tulikula chapati wiki nzima. Kwa hiyo kuiondoa chachu nyumbani siku saba, kama Wayahudi walivyoamriwa, ni kuukata urithi huo wote na kuanza na unga usio na cha jana ndani yake.

Makanisani hawakubaliani juu ya mkate wa Meza ya Bwana. Wakatoliki wa Kilatini, yaani wa Roma, hutumia hostia, kimkate chembamba cha ngano na maji tu. Waorthodoksi huweka mkate ulioumuka, kwao ni ishara ya ufufuo, na ugomvi huo ulikuwamo katika mafarakano ya Roma na Constantinople mwaka 1054.

Kuhusu chapati mezani pa Bwana, nimeijaribu. Mwaka mmoja mkate ulitupungukia, mzee wa kanisa akaniomba chapati. Washirika walipochovya, kikombe kikaelea mafuta, na wa mwisho kwenye foleni akanitazama mimi. Sasa nikiombwa nakanda unga na maji peke yake, na chuma huwa kimeshapata moto kabla sijashika kata ya maji.

Mama Mahamri, Kongowea, Mombasa