Pima afya kabla ya kulipa ada ya urubani

Mdogo wangu wa Chake Chake, umeuliza uanzie wapi kujifunza urubani, na kama ulipe ada nzima sasa. Usilipe bado! Tangulia kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: macho, masikio, moyo, na vile vidoa vya rangi unavyotakiwa usome namba iliyojificha ndani. Cheti cha afya cha daraja la pili chatosha kwa leseni ya rubani binafsi. Ukitaka ajira ya urubani, pima cha daraja la kwanza tangu mwanzo, usije ukakwama huko mbele na pesa za wazee zishakwenda.

Kisha omba somo moja la majaribio angani. Kima cha chini cha kawaida kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, ila wengi huzidi, basi weka akiba. Lipia saa kidogo kidogo, udai risiti kila mara.