Si gundi, ni pete
Mkuu, umeuliza ni gundi gani inayoshika kromatidi dada (nakala mbili za kromosomu moja) zisiachane mapema seli inapogawanyika. Gundi hakuna, kuna pete. Protini iitwayo kohesini (SMC1, SMC3, RAD21 na mwenzao mmoja) huzizungushia nakala zote mbili za DNA tangu zinaponakiliwa, kama mpira wa kufungia noti. Kwetu binadamu, pete nyingi za kwenye mikono ya kromosomu hufunguka mapema. Za sentromia, yaani kiuno cha kromosomu, hulindwa na protini shugoshini, neno la Kijapani, yaani roho mlinzi. Ndiyo ile kromosomu yenye umbo la X ya kitabuni: mikono imeachana, kiuno bado kimeshikana. Mwishowe kimeng'enya separesi hukata RAD21 na kila kromatidi huvutwa upande wake wa seli. Na hakikurupuki: protini sekurini hukizuia mpaka kila kromosomu ishikwe na nyuzi za kuvutia kutoka pande zote mbili za seli.